Farasi Haulizi Maswali

Mtu akituambia kwamba katika nchi fulani wako watoto wenye majonzi wanaopelekwa zizini kwa farasi ili wapate nafuu, tena kwamba wakitoka zizini hupewa rangi, karatasi na udongo wa kufinyanga, pengine tutacheka. Tutasema: "Mgonjwa hupelekwa kwa daktari, si kwa mnyama. Mwenye huzuni hupewa shauri, si rangi." Nasi kweli ni watu wa shauri. Kwetu mtu akipatwa na msiba, wazee humketisha, wakasema naye usiku kucha, na mara nyingi maneno yao humtuliza.

Lakini wako watu ambao shauri haliwaingii, kwa sababu mlango wa maneno umefungwa ndani yao. Mtoto aliyeona mambo ambayo hata mtu mzima hana maneno ya kuyasema. Mwanamke aliyetendewa ubaya. Askari aliyerudi nyumbani, lakini kila usiku bado yu vitani. Watu hao ukiwauliza, "Ulipatwa na nini?", hunyamaza; ukiwauliza tena, huzidi kunyamaza. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo husikika moyoni mwao tu. Habari ya farasi na rangi ni habari ya watu hao. Twataka kuieleza polepole, maana tumeiona kwa macho yetu, tena imetufaa katika kazi yetu ya ualimu.

Kwanza tuseme juu ya mnyama mwenyewe. Wengi wetu twamjua farasi kwa picha tu: yule wa Mtakatifu Martino akikata joho lake ampe maskini, na yule wa Mtakatifu Georgi mbele ya joka. Katika seminari ndogo tulijifunza jina lake kwa Kilatini, equus, tukaligeuza kwa namna zote zilizotakiwa na sarufi, bila kujua hata harufu ya mnyama huyo. Sababu si uvivu wa wazee wetu. Katika sehemu kubwa ya Kongo mbung'o hawakumpa farasi nafasi ya kuishi. Mwaka 1895 daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, alieleza kwamba ugonjwa wa nagana, uuao ng'ombe na farasi, waletwa na kijidudu kilicho katika damu, na kwamba mbung'o ndiye anayekichukua kutoka mnyama huyu hata mnyama yule. Ndiyo maana babu zetu walijua kuishi na mbuzi, mbwa na kuku, lakini farasi alibaki mgeni.

Basi, mgeni huyu ni wa namna gani? Uzito wake ni kama kilo 500, hata hivyo ni mwoga. Tangu asili yeye ni mawindo ya wanyama wakali. Hana pembe wala makucha. Kinga yake ni macho yake, masikio yake na mbio zake, na teke lake akibanwa. Macho yake yamewekwa pande mbili za kichwa, hata aona karibu pande zote bila kugeuka. Masikio yake huzunguka, kila moja kwa upande wake. Mnyama wa namna hii huishi kwa kuichungua miili ya wengine: mwenzake akishtuka, naye hushtuka, mwenzake akitulia, naye hutulia. Akikaa na watu, huwachungua watu vivyo hivyo.

Jambo hili lilidhihirika katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwalimu mmoja mstaafu, jina lake Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans, akamfundisha hesabu kama mwanafunzi wa shule. Ukimwuliza, "Tatu na nne ni ngapi?", Hans alipiga ukwato chini mara saba, kisha akaacha. Watu walikuja makundi makundi kumtazama. Mwaka 1904 tume ya watu wenye elimu ilimchungua isione hila yo yote. Kisha mtaalamu mmoja, Oskar Pfungst, alimjaribu kwa uangalifu zaidi, na mwaka 1907 akatangaza aliyoyaona. Hans hakujua hesabu. Mwulizaji akiwa mwenyewe hajui jibu, Hans naye hakulijua. Mwulizaji akifichwa asionekane, Hans alishindwa. Siri ilikuwa hii: mwulizaji alipongoja jibu, mwili wake ulikaza, na mara farasi alipofikia hesabu iliyo sawa, kichwa cha mtu kiliinuka kidogo sana, bila yeye mwenyewe kujua. Hans aliliona hilo, akaacha kupiga.

Wako waliosema, "Kumbe farasi yule alikuwa mjinga!" Sisi walimu hatusemi hivyo. Yeye alikuwa akisoma kitabu ambacho mwenyewe hakujua kwamba kiko wazi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha tena jambo lililo karibu na hilo: farasi walipoonyeshwa picha za nyuso za watu, mioyo yao ilipiga upesi zaidi kwa picha ya uso wenye hasira kuliko kwa picha ya uso wenye furaha. Mtu aweza kumdanganya jirani yake kwa kucheka huku moyo unamwuma. Kumdanganya farasi ni kazi ngumu.

Watu wa Ulaya walianza kuutumia msaada wa farasi kwa ajili ya mwili kabla ya kuutumia kwa ajili ya moyo. Mmoja aliyewafumbua macho ni Bibi Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na akiwa mja mzito, alipatwa na polio. Alijitahidi mpaka akaweza kupanda farasi tena, ingawa miguu yake kuanzia magotini kwenda chini ilikuwa imepooza, hata alihitaji watu wa kumpandisha na kumshusha. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika ustadi wa kumwongoza farasi kwa hatua zilizopangwa. Bibi Hartel akapata medali ya fedha. Na mwaka 1956 akaipata tena. Watu wengi walijiuliza, "Kama yeye ameweza, mbona wengine wasisaidiwe?" Mwaka 1969 kilianzishwa Marekani chama cha kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu, na Uingereza nayo ikaanzisha chake mwaka huo huo. Maana mwendo wa farasi humtikisa mpandaji kiunoni mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu kama mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe.

Baadaye matabibu wa nafsi waliona kwamba hata asiyepanda hupata kitu. Chama kimoja kiitwacho EAGALA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1999, kinafundisha njia ambayo mgonjwa hapandi kabisa. Husimama chini pamoja na farasi, humwongoza, humtazama tu. Nao wasimamizi huwa wawili: mmoja ni tabibu wa nafsi anayemwangalia mtu, mwingine ni mjuzi wa farasi anayemwangalia mnyama.

Tuache farasi kidogo, tuangalie rangi na udongo. Kwamba sanaa hutuliza moyo si habari mpya. Katika Maandiko twasoma habari za Daudi aliyempigia mfalme Sauli kinubi. Lakini kuifanya iwe kazi ya hospitali kulianza karibu na siku zetu. Mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, aliugua kifua kikuu, akalazwa mwaka 1938 katika hospitali ya Midhurst. Kwa kuwa hakuweza kufanya kazi nyingine, alichora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Akaona kwamba moyo wake wapata nguvu, akawafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina la tiba ya sanaa.

Na katika miaka hiyo hiyo, mahali penye giza kuu, alikuwako Bibi Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji mzaliwa wa Vienna. Wanazi walimfunga pamoja na Wayahudi wengine katika mji wa Terezín, ambao leo uko katika nchi ya Ucheki. Huko aliwafundisha watoto kuchora. Mwezi wa Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa watoto wale waliuawa pia. Aliacha masanduku mawili yenye picha za watoto zipatazo 4,500, ambazo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Wayahudi ya Prague. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, alikuwa amekimbilia Marekani mwaka 1938. Yeye akawa miongoni mwa walioweka msingi wa tiba ya sanaa katika nchi hiyo. Hivyo kazi ya mwalimu haikufa pamoja na mwalimu.

Huko Brazil nako, mjini Rio de Janeiro, daktari mmoja mwanamke, Nise da Silveira, alikataa kuwatendea wenye ugonjwa wa akili kwa mishtuko ya umeme na kwa kupasua ubongo. Mwaka 1946 alifungua katika hospitali vyumba vya kuchora na kufinyanga, na mwaka 1952 akaanzisha makumbusho ya kazi za wagonjwa wake. Tena aliwaruhusu mbwa na paka wakae pamoja na wagonjwa, akawaita wasaidizi wake katika kuponya, maana aliona kwamba mgonjwa aliyemkimbia kila mtu hakumkimbia mbwa. Hapo mnyama na sanaa walikwisha kukaa nyumba moja.

Sasa tueleze tuliyoyaona wenyewe. Miaka michache iliyopita tulipelekwa Ubelgiji kwa mafunzo ya walimu ya miezi mitatu. Huko shule hufungwa Jumatano mchana, na Jumatano moja mwalimu mwenzetu alitupeleka shambani, mahali walipokuwa wakiwasaidia watoto kwa farasi na kwa sanaa. Wazazi wa msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja walikubali tusimame nje ya ua tutazame. Tuliambiwa tu kwamba nyumbani husema, lakini nje ya nyumba ulimi wake hufungwa, na shuleni alikuwa hajasema neno tangu mwaka uliotangulia.

Msichana aliingia uani akiwa amekunja ngumi. Farasi jike, mzee, wa rangi ya udongo, aliinua kichwa, akarudi hatua mbili. Sisi tulingoja tabibu aseme, "Fungua mikono yako, usiogope." Hakusema. Alisimama karibu na mtoto, akashusha pumzi ndefu, basi. Baada ya kitambo mtoto naye alishusha pumzi, na mabega yake yakashuka. Farasi akainamisha kichwa, akamjia mwenyewe. Mtoto akapewa brashi, akamsugua ubavuni kwa muda mrefu.

Kisha wakaenda kwenye meza iliyo chini ya paa la zizi. Hapo palikuwa na rangi, karatasi kubwa na udongo. Msichana alichora farasi mdogo sana katika pembe ya karatasi. Mahali pote palipobaki alipajaza ua mweusi, mti juu ya mti. Tabibu hakumwuliza maana yake. Alimwambia tu kwamba kule uani kuna fito, ndoo na kamba, na kwamba akitaka aweza kuujenga ule ua wake chini. Mtoto akaujenga. Alifanya kazi mpaka jasho likamtoka, akamzungushia farasi fito pande zote, halafu akasimama akiutazama. Mwisho akaondoa ufito mmoja.

Akaishika kamba ya farasi, akatangulia mbele, akaivuta. Farasi hakutoka. Akavuta tena kwa nguvu. Farasi akakaza shingo. Ndipo msichana aliporudi nyuma, akasimama karibu na bega la mnyama, wakatazama upande mmoja. Tukasikia sauti ndogo, kwa Kifaransa: "Njoo." Farasi akapiga hatua, wakatoka pamoja kwa ule mwanya. Hatukusikia neno jingine siku ile. Hakuna aliyepiga makofi, na mama yake, aliyekuwa karibu nasi, alijifuta macho bila kusema kitu.

Usiku ule tulifikiri sana kwa nini watu hao waliviunganisha vitu viwili, farasi na sanaa, wala hawakuchagua kimoja. Twaona sababu ni hii. Farasi hujibu mara moja, lakini halaumu. Ukija na ngumi, yeye hurudi nyuma. Ukishusha pumzi, yeye husogea. Hakuulizi kwa nini. Hivyo mwili wa mtu hujifunza kwanza, kabla ya kichwa. Lakini saa ya farasi hupita kama maji ya mto, na mtoto akirudi nyumbani huenda ameisahau. Hapo sanaa huingia. Mkono huweka juu ya karatasi lile lililotendeka uani, nalo hukaa. Jambo lililokuwa ndani likiwa nje, mtu aweza kulitazama kwa mbali kidogo, aweza kuligeuza, aweza hata kuondoa ufito mmoja. Mwisho, ikiwezekana, mdomo nao hupata la kusema, kwa sababu sasa kuna kitu cha kusema habari zake. Kwanza mwili, kisha mkono, kisha mdomo. Sisi watu wazima twapenda kuanza na mdomo, ndiyo sababu mara nyingi twashindwa.

Wengine wafuatao njia hii hufanya kwa namna nyingine. Wako wanaofinyanga farasi kwa udongo wakiwa wamefumba macho, baada ya kumpapasa. Wako wanaotembea na farasi kwa kufuata mlio wa ngoma. Wako wanaotunga hadithi ambayo farasi ndiye msemaji, maana mtoto asiyeweza kusema "mimi naogopa" huweza kusema "farasi anaogopa". Wako pia wanaompaka farasi rangi isiyo na sumu, inayotoka kwa maji, mradi farasi mwenyewe akubali.

Lakini tusidanganyane. Kazi hii haiondoi daktari wala dawa. Mwenye kifafa, mwenye homa ya malaria kichwani, mwenye kusikia sauti zisizokuwapo, yampasa kupelekwa hospitali. Uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya tiba hii ulihusu watu wachache wachache, kwa hiyo mwenye busara hasemi kwamba farasi huponya kila ugonjwa. Gharama yake ni kubwa. Tena farasi ni mnyama mwenye nguvu. Teke lake laweza kuvunja mfupa, naye huchoka na kuudhika kama sisi. Kwa hiyo anayejiita mtaalamu bila kufundishwa, akawakusanya wenye huzuni ili apate fedha zao, huyo ni mwizi kama wezi wengine.

Msomaji atatuuliza: "Mwalimu, habari hizi za Ubelgiji na Brazil zatufaa nini sisi huku Kalemie, ambako hakuna hata farasi mmoja wa kumwonyesha mtoto?" Tutajibu kwa habari moja ya darasa letu.

Mwaka 2025, vita vilipoingia Goma na Bukavu, watu wengi walikimbia kusini, na wengine walifika kwetu kwa njia ya ziwa. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka tisa hivi, pamoja na baba yake mdogo. Akawekwa katika darasa letu la tatu. Hakusema. Alipoitwa jina, alisimama. Alipoulizwa, alitazama chini. Watoto wenzake walianza kumwita bubu. Baada ya mwezi baba yake mdogo alikuja kwetu, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mtoto asiyesema anasoma nini? Mimi nabeba mizigo bandarini. Naye ana mikono. Afadhali aje anisaidie, tupate unga."

Tukamjibu: "Baba, twajua shida yako. Utuachie mtoto mpaka Pasaka. Ikipita Pasaka, tutasema tena."

Alikubali, lakini tuliona uzito wake. Maana mwenye njaa akikubali kungoja, amekubali jambo kubwa. Kwanza tulimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, muuguzi amtazame masikio na koo. Vyote vilikuwa vizima. Sisi si matabibu, wala hatukujifanya matabibu. Tuliamua mambo matatu tu. La kwanza, asiulizwe habari za vita na mtu ye yote shuleni. La pili, aruhusiwe kujibu kwa mkono: hesabu aiandike, hadithi aichore, mnyama aliyetajwa katika somo amfinyange kwa udongo wa mtoni. La tatu, apewe kazi ya kumtunza mbuzi wa shule, kumpeleka majanini asubuhi na kumrudisha saa sita.

Alichora mashua. Juma baada ya juma alichora mashua tu, wala ndani yake hamkuwa na watu. Hatukuuliza. Tulizibandika ukutani pamoja na kazi za wengine. Juma la tano palitokea mtu mmoja ndani ya mashua. Juma la saba, wawili. Watoto wenzake wakaanza kumwomba awachoree mashua katika madaftari yao, na lile jina la bubu likasahaulika lenyewe.

Siku chache kabla ya Pasaka, saa ya mapumziko, tulipita nyuma ya jiko la shule. Tukasikia sauti tusiyoijua. Mvulana alikuwa amekaa juu ya jiwe, mbuzi mbele yake, naye alikuwa akimfundisha: "Tatu mara nne, kumi na mbili. Tatu mara tano, kumi na tano." Akafika mpaka tatu mara kumi, bila kosa. Mbuzi alikuwa akitafuna. Tukarudi kwa njia tuliyojia, ili asituone.

Baba yake mdogo alipokuja baada ya Pasaka, tulimweleza tuliyoyasikia. Alikaa kimya, kisha akauliza: "Basi alikuwa akisikia siku zote?" Tukasema: "Ndiyo, baba. Siku zote alikuwa akisoma." Mtoto amebaki shuleni. Hata leo husema machache, na siku nyingine hasemi kabisa. Hatusemi kwamba amepona. Twasema kwamba ameuacha mlango wazi kidogo, kama mwanya wa ufito mmoja.

Tena tusidhani kwamba kazi ya namna hii ni ya wageni tu. Katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, wanawake walioumizwa vitani wamesaidiwa pia kwa muziki: tabibu wa nafsi pamoja na fundi wa muziki hukaa nao, nao hutunga nyimbo zao wenyewe na kuzitia katika mashine za kunasa sauti. Jambo ambalo mwanamke hakuweza kulisema mbele ya mtu mmoja, ameweza kuliimba. Hapo hakuna farasi, lakini njia ni ile ile.

Wazazi wapenzi, nanyi vijana wa shule, katika miaka hii nyumba nyingi zina mtu aliyenyamaza. Huenda ni mtoto, huenda ni bibi, huenda ni kaka aliyerudi kutoka porini. Tusimwite mjeuri, wala tusiharakishe kusema kwamba amerogwa. Tusimpige ili aseme. Fimbo haijapata kufungua mdomo isipokuwa kwa kulia au kwa uongo. Akiwa na ugonjwa wa mwili, tumpeleke kwa daktari. Palipo na tabibu wa nafsi, tusione haya kumwendea. Na mahali asipokuwapo, walau tufanye lile ambalo farasi hulifanya bila kusoma: tukae karibu naye, tutulie wenyewe kwanza, tusimdai maneno. Tumpe mnyama wa kumtunza, ngoma ya kupiga, udongo, mkaa na ubao. Kuku mmoja na kipande cha mkaa hupatikana hata katika nyumba maskini. Kisha tungoje, wala tusichoke upesi. Mtu akikaa muda mrefu bila kusema, yamfaa akute siku ya kwanza ya kusema kwamba yupo wa kumsikia.